Matope ya Wilbaro

Siku mliponiaga pale ofisini Bungoma mlinivisha shingoni shada la nailoni, jekundu lenye dhahabu, la aina ile ambayo ukiitupa leo vilembwe wetu wataikuta kama ilivyo. Nililivaa mchana kutwa na nikafurahi nalo. Nilikuwa nimeitumikia misitu tangu sina mvi hata moja, na kila mwaka nimesimama mbele ya watoto wa shule nikilaani plastiki. Nikalitazama lile shada, nikaona kwamba ofisi imenijua vizuri kuliko nilivyodhani. Siwacheki. Mkimaliza kusoma mtajua kwa nini sina haki hiyo.

Mmeniomba niwaandikie kazi ilivyokuwa. Habari za vyeo na mshahara nitaziruka, kwa sababu vyeo vilikuwa vichache na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya udongo na maji na walionifundisha, kisha nitaandika juu ya mikalatusi yangu thelathini na moja, ambayo kwa miaka mingi niliificha kama mtu anayeficha jino bovu.

Nilianzia Kitale, kwenye kitalu cha miti cha serikali, nikiwa na cheti kipya na suruali moja nzuri. Siku ya kwanza niliivaa ile suruali. Msimamizi wa kitalu alikuwa Mzee Ramadhani, mtu mfupi mwenye kofia ya kufuma, mzaliwa wa palepale mjini karibu na msikiti. Babu yake alikuja na kazi ya reli akasahau kurudi kwao. Mzee alinitazama suruali, akanitazama uso, akanitandikia gunia chini na kuniambia nijaze tyubu. Tyubu ni ile mifuko myembamba ya plastiki nyeusi tunayooteshea miche, na nyinyi mnaijua, ingawa siku hizi mnaletewa ikiwa imeshajazwa. Mimi niliijaza siku kumi na moja mfululizo. Udongo wa msituni sehemu tatu, mchanga wa mtoni sehemu moja, samadi iliyooza sehemu moja. Ukiufinya kiganjani unashikana, ukiugusa kwa kidole unavunjika. Usipovunjika, maji yatatuama na mche utaoza. Suruali haikurudi kuwa ilivyokuwa.

Siku ya kumi na mbili aliniruhusu kupalilia. Niling'oa kwa bidii ya kijana anayetaka kuonekana, na kufikia saa nne nilikuwa nimesafisha kitanda kizima cha miche, magugu pamoja na lusiola, mti wetu wa kienyeji, kwa maana machoni pangu wakati ule lusiola changa ilikuwa gugu kama magugu mengine. Mzee alikuja akasimama. Hakunigombeza. Alichuchumaa akachambua lundo langu, mche mmoja baada ya mwingine, akairudisha ardhini ile iliyobaki na mizizi. Kisha kwa wiki mbili akanilazimisha nile chakula changu cha mchana kando ya kitanda kile, nikiwa nimeielekea miche, ati mpaka tujuane. Tulijuana. Hata leo mche wa lusiola wenye majani mawili siwezi kuupita bila kuusalimu.

Neno mazingira sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Lakini kule msikitini kwake alikuwa amechimba mfereji mwembamba kutoka pale watu wanapotawadha, na maji yote yakawa yanakwenda kwenye mipera na midimu aliyoipanda nyuma ya ukuta. Nilimwuliza kama hiyo ni mbinu ya kuhifadhi maji, maana neno mbinu lilikuwa kwenye daftari langu la chuoni. Alisema hapana, ni vile watu walikuwa wakiteleza mbele ya mlango. Mapera yake tuliyala ofisini kila msimu.

Kulikuwa na sherehe ya kupanda miti kila mwaka kwenye shule moja ya msingi, na kila mwaka mheshimiwa mmoja alikuja kupanda mti mbele ya mlingoti wa bendera. Kazi yangu ilikuwa kuchimba shimo. Mwaka wa kwanza nililichimba hadi viganja vikatoka malengelenge, kwa sababu pale mbele palikuwa na changarawe tupu. Mwaka wa pili niliambiwa shimo liwe palepale, mahali penye mwanga mzuri wa picha. Nilipofika nililikuta lile langu la mwaka uliopita, limejaa maganda ya miwa, mti haupo. Nikalizibua. Mwaka wa tatu nilikwenda na kijiko kidogo cha bustani tu.

Nilidhani miti ile ililiwa na mbuzi. Kumbe kila Jumamosi baada ya sherehe Mzee Ramadhani alipanda baiskeli yake, akaenda akaung'oa mti wa mheshimiwa kwa taratibu, akauhamishia nyuma ya jiko la shule, pale wapishi wanapomwaga maji ya kuoshea maharagwe. Siku aliponipeleka nikaona miti tisa imesimama, mingine imeshanizidi urefu. Nilimwambia lazima tuwaeleze watu kwamba huyu mheshimiwa ni mnafiki. Akaniangalia kama siku ile ya lusiola.

"Kijana," akasema, "yeye amepata picha na mti umepata maji. Sasa sisi tunataka nini tena?"

Miaka mingi baadaye mheshimiwa huyo alipita pale na wageni akawaonyesha msitu wake, na Mzee akapiga makofi pamoja na wengine. Mimi somo hilo liliniingia sikio moja likatokea la pili. Nilichokichukua Kitale ni kile cha kuchekesha. Nikawa bingwa wa kusimulia habari za shimo la mheshimiwa kila palipokuwa na watu watatu, na watu walicheka, na mtu anayechekesha husahau haraka kuchungulia nyumbani kwake.

Sasa niwaambie juu ya mikalatusi, ambayo kwetu tunaiita blugamu. Miche ya kwanza niliyoiotesha mwenyewe, tangu mbegu hadi kimo cha goti, ilikuwa blugamu. Mbegu zake ni ndogo kama tumbaku, na Mzee alinifundisha kuzichanganya na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga ili zisirundikane. Miche ilipokua, nikaomba ruhusa nikapeleka arobaini nyumbani Kamukuywa kwenye katoni za sabuni. Papa, yaani baba yangu, alinipokea kana kwamba nimeleta ng'ombe. Tuliipanda pamoja, yeye akishika mche na mimi nikishindilia, chini kabisa ya shamba, kwenye kinamasi. Ndivyo ofisi yenyewe ilivyotufundisha siku zile. Blugamu ingekausha maji yaliyotuama, mbu wangekufa, na mwenye shamba angepata nguzo. Kati ya arobaini, ilishika thelathini na moja. Papa alikuwa akiwaonyesha wageni akisema ile pale ni kazi ya Wafula. Hakuishi kuiona ikifika juu, na labda ndiyo sababu niliipenda kupita kiasi.

Nilipohamishiwa Bungoma, mafundisho yalikuwa yamegeuka. Sasa tuliambiwa tuwaeleze watu kwamba blugamu inakunywa mito, na kwamba mti wowote wa aina hiyo ulio hatua thelathini kutoka kwenye maji ukatwe, na mahali pake pawekwe lusiola, mianzi na mikuyu. Ofisi ilinipa pikipiki, burashi na kopo la rangi nyekundu. Nilikuwa natembea na wenye mashamba kando ya vijito, nahesabu hatua kutoka kwenye maji, na kila blugamu iliyoangukia ndani ya hatua hizo naipaka alama ya msalaba. Ikishapakwa, mwenyewe anajua.

Kazi hiyo niliipenda, na nilikuwa na ulimi mkali. Nilimkuta mwalimu mlezi wa chama cha mazingira ambaye watoto wake waliokota takataka zote za uwanja kwa nidhamu, wakazirusha upande wa pili wa ua, kwenye shamba la mjane. Nilimkuta mwenye hoteli aliyeandika ukutani kwamba hapa tunapenda dunia, na nyuma ya ukuta huohuo dunia ilikuwa imejaa mafuta machafu ya kukaangia. Wote niliwapeleka kwenye baraza, bila majina lakini kwa maelezo ya kutosha, na watu walicheka mpaka wakapangusa machozi. Nyani haoni kundule, nilikuwa nikiwaambia. Nilikuwa nikilisema hilo kwa sauti kubwa sana.

Na nyumbani je? Kwetu Wabukusu, kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, mwezi wa Agosti, vijana hutahiriwa. Alfajiri ya siku yenyewe kijana hupelekwa na watu wake kwenye maji ya ukoo akapakwa matope, ndipo arudi nyumbani akiimbiwa. Matope hayo hayachotwi popote mtu anapotaka. Kila ukoo una mahali pake, na mahali petu palikuwa kile kinamasi cha chini ya shamba, tangu enzi za babu zake Papa.

Blugamu ikamaliza maji. Kwanza vyura walinyamaza, halafu mafunjo yakakauka, kisha ardhi ikapasuka nyufa. Agosti moja ilipofika, ndugu yangu mkubwa Wekesa, anayeishi kwenye boma la Papa, alishuka siku iliyotangulia akakuta vumbi. Alichofanya ni hiki. Alichimba udongo mweusi, akauweka kwenye wilbaro, toroli la gurudumu moja, akateka maji ya bomba kanisani, akakoroga kwa koleo, akaisukuma wilbaro mpaka katikati ya mafunjo makavu, ili vijana wayakute matope mahali panapostahili. Na Wekesa ni mtu mwenye heshima, mzee wa kanisa.

Habari ilizunguka Kamukuywa yote kabla ya jua kupanda. Watu wa koo nyingine walisema vijana wetu wanapakwa matope ya wilbaro. Walisema pia wilbaro yenyewe ilikuwa ya fundi wa nyumba, kwa hiyo tuwakimbize wafike haraka kabla simiti haijakaza. Tulicheka nao, maana ungefanya nini. Lakini jambo hilo lilirudiwa misimu mitatu, yaani miaka sita, na mmoja wa vijana waliopakwa matope yale alikuwa mwanangu.

Mimi, ofisa wa misitu, nililaumu ukame. Mbele ya wazee wa ukoo nilitoa hotuba fupi juu ya viwanda vya ng'ambo na joto la dunia, na kila neno nililosema lilikuwa kweli. Nyuma yangu blugamu thelathini na moja zilikuwa zinapepea, zimeshiba. Nilijua. Nataka muelewe hilo, sikuwa mjinga hata dakika moja. Nilikuwa nikipima hatua thelathini kwenye mashamba ya watu wa kaunti nzima, na kwetu sikuwahi kuhesabu hata moja.

Upande wa Lugulu kulikuwa na chemchemi iliyokuwa ikihudumia nyumba kama thelathini. Nilipoanza kuishughulikia ilikuwa imebaki kama mtoto anayekojoa, na akina mama walipanga mitungi foleni tangu asubuhi. Juu yake kulikuwa na blugamu za watu sita. Wa kwanza kabisa, aliye karibu zaidi na jicho la maji, alikuwa mjane anayeitwa Mama Nekesa, mwanamke mwembamba mwenye macho yasiyopepesa. Alikuwa na miti kumi na moja. Wale watano wengine waliniambia waziwazi kwamba Mama Nekesa akikata, nao watakata, na asipokata nisiwasumbue. Nilimwendea mara nne. Kila mara alinipa chai, akanisikiliza hadi mwisho, akasema atafikiri.

Siku ya kupaka rangi nilikusanya watu pale chemchemini. Niliwachekesha kwanza, kama kawaida yangu. Nilisimulia ya mwalimu na ya mwenye hoteli. Kisha nikafungua kopo, nikachovya burashi, nikaelekea mti wa kwanza wa Mama Nekesa. Alikuwa amesimama mbele yake.

"Ofisa, hiyo rangi mimi nimeikubali," alisema. "Lakini si uanze na yako kwanza?"

Nilimwuliza yangu ipi.

"Ile ya Kamukuywa. Nilienda matanga kwa watu wa binti yangu mwezi uliopita, wakanionyesha. Ati ukoo wa ofisa wa miti wanakoroga matope kwa wilbaro."

Watu walicheka. Kilikuwa kicheko kilekile nilichokuwa nimekipika mwenyewe dakika tano zilizopita, ila sasa kilikuwa kinanijia mimi. Masikio yakapata moto. Nilisema, na naandika hapa kwa aibu, kwamba Kamukuywa si eneo langu la kazi.

"Kwani maji huuliza eneo la kazi?" Mama Nekesa alisema polepole, hakuwa ananichekesha. "Sikiza. Hii miti mzee wangu aliipanda, na miche mlimletea nyinyi watu wa ofisi. Naipenda. Nikiona umekata yako, yangu naikata hiyo wiki. Ukikaa na yako, basi wacha hii chemchemi ikauke, na tujue ni mimi na wewe tuliikausha."

Rangi ilikuwa inadondoka kwenye kiatu changu. Niliwatazama akina mama na mitungi yao, nikajua kwamba nikipanda pikipiki pale nikaondoka, maji yale yamekwisha, na miaka yangu yote ya kazi itakuwa imekwenda nayo. Nikasema Jumamosi. Nikasema atakayetaka kuona aje.

Jioni nilimweleza mke wangu, Selina. Nilidhani atanihurumia. Aliuliza kama rangi inatosha miti thelathini na moja au anunue kopo lingine. Kumbe yeye ndiye aliyekuwa akisikia maneno ya wilbaro kila alipokwenda sokoni, akinyamaza.

Jumamosi zilifika bodaboda sita kutoka upande wa Lugulu. Mama Nekesa alikuwa kwenye ya kwanza, amekaa upande, amepakata kopo la rangi kama mtoto mchanga. Majirani wetu walipoona wageni wakadhani kuna harusi, wakaja. Selina alipika chai ya sufuria mbili na viazi vitamu. Kijana wetu wa ofisini, Shiundu, ambaye sikumwita, naye alikuja na simu yake.

"Niaje mzee," akaniambia. "Hii ni content moto sana. Ofisa wa kupanda miti anakata miti."

Nilimwambia akipiga picha nitampa koleo. Akapiga moja, nikampa koleo, na lazima niseme alichimba vizuri siku ile.

Wekesa alikuwa ameketi kwenye kisiki karibu na kinamasi, shoka limelala magotini, na mwenye msumeno wa petroli yuko kando yake tayari. Nilimwuliza alijuaje kwamba tutahitaji msumeno.

"Nimengoja hii siku miaka kumi," alisema.

"Mbona hukusema?"

"Wafula, ofisa si ni wewe? Mimi ningemwambia nini ofisa wa misitu kuhusu miti?"

Hapo ndipo niliposikia uchungu kuliko pale chemchemini. Ndugu yangu, mzee wa kanisa, alikuwa tayari kukoroga matope na kuchekwa na kijiji kizima ili asiniaibishe.

Nilihesabu hatua thelathini kutoka katikati ya kinamasi, kwa sauti, kama ninavyowahesabia wengine. Miti yote iliingia ndani, hakukuwa na hata mmoja wa kupona. Nikaipaka yote. Mti wa kwanza kuanguka ulikuwa ule wa pembeni ambao Papa alikuwa ameushika mche wake akiniambia nishindilie taratibu. Niliuwekea mkono, nikasema kitu kwa Kibukusu ambacho ni changu, nikarudi nyuma. Ulipoanguka nililia, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya bodaboda sita. Mama Nekesa alikuja akanigusa mgongoni.

"Pole, ofisa," akasema, na akasimama pale mpaka nilipomaliza.

Baada ya mti wa tatu mambo yakawa sherehe. Vijana walipakia matawi, wazee walibishana ni nguzo gani itanyooka, na akina mama wa Lugulu walimfundisha Selina wimbo wa kanisa ambao alikuwa akiujua kwa maneno mengine, wakagombania maneno hadi jua likazama. Jumatano iliyofuata Mama Nekesa alikata yake kumi na moja. Nilikwenda bila daftari wala kopo. Wale watano wakafuata, mmoja akinung'unika, lakini akafuata. Nilishika kazi hii miaka yote hiyo nikipanda, na kazi bora niliyowahi kufanya ilikuwa ya kukata.

Msije mkadhani kukata ndiyo mwisho. Blugamu haifi kwa aibu. Ukiikata leo, mwezi ujao kisiki kimechipua machipukizi kumi na mbili, na usipokuwa mwangalifu una msitu mara kumi ya ule wa kwanza. Mimi na Wekesa tulikuwa tukishuka kila mwezi na mapanga, tukipogoa visiki na kuvifukia udongo. Tulizoea kufanya kazi hiyo pamoja, na kwa kweli hatukuwa tumezungumza vile tangu utotoni. Tulipanda lusiola na mianzi juu, na nduma chini pale palipoanza kuwa na unyevu. Agosti ya tohara iliyofuata ilitukuta bado tuna wilbaro. Wekesa alidai maji aliyotumia yalikuwa nusu tu, nusu nyingine imetoka ardhini, na sikumwuliza zaidi. Kule Lugulu mambo yalikwenda haraka kuliko kwetu. Mwaka wa pili mtungi ulikuwa unajaa kabla mtu hajamaliza umbea mmoja, na Mama Nekesa alinilalamikia kwamba sasa akina mama hawakai tena chemchemini akapata habari.

Nilistaafu Juni hii, mkanivisha shada. Agosti ikaja.

Kulikuwa na vijana wawili wa ukoo wetu msimu huu. Alfajiri tulishuka na nyimbo, watu wengi kuliko nilivyozoea, wengine nina hakika walikuja kuiona wilbaro. Wekesa alitangulia na gambuti zake, vile viatu virefu vya mpira. Alipofika pale kwenye mafunjo, ambayo sasa yamerudi na kunifika begani, alipiga hatua moja, akapiga ya pili, akasimama. Nilidhani anaomba. Alikuwa amekwama. Alivuta mguu, mguu ukatoka, gambuti ikabaki. Akaukanyagia ule mguu mtupu ndani ya tope, likatoa sauti ile ambayo sikuwa nimeisikia tangu Papa akiwa hai, na vyura wakaruka pande zote. Wimbo ulikatika. Wazee walikuwa wanacheka, mmoja wao analia. Tope lilikuwa jeusi, baridi, zito, na la kutosha vijana mia.

Vijana walipakwa, wimbo ukaanza upya kwa nguvu, na watu wakapanda nao mlima kuelekea nyumbani. Wekesa hakuwafuata. Alikuwa bado katikati, tope limemfika magotini, akipapasa chini akitafuta gambuti.

"Wafula," aliniita, "vua viatu uje. Hii ni yako pia."

Nilikuwa nimevaa suruali nzuri. Niliingia nayo hivyohivyo. Hatukuipata gambuti. Tulitafuta mpaka tukachoka, tukashikana mikono ili tusianguke, tukaanguka, na watu wa ukoo mwingine waliokuwa wakipita njia ya juu walisimama wakatutazama wazee wawili wakigaagaa. Hakuna aliyetaja wilbaro.

Selina alinizuia mlangoni kwake, kama alivyo na haki. Akanitolea kiti nje, akaniletea beseni la maji na sabuni, akaenda kuwahudumia wageni. Nilikaa pale juani, tope likinikaukia taratibu miguuni na kuanza kuvuta ngozi. Kila aliyeingia bomani aliniambia maji yako hapo, ofisa, si unawe. Nikasema nakuja. Sikunawa mpaka jioni.